Perege wa Mto Pangani na Wageni Wake

I. Aina na chotara

Mnyama akifa nyikani, tumbusi hawakawii kumwona. Mmoja huteremka kutoka juu sana angani. Wa pili, aliye mbali, humwona mwenziwe akishuka, naye humfuata. Wa tatu humfuata wa pili. Hata mzoga ukazungukwa na ndege wengi. Mtu asiyewajua hudhani kwamba wote ni wa aina moja, lakini akiwatazama kwa makini huona sivyo. Yuko tumbusi mgongo mweupe. Yuko tumbusi wa Rüppell, ambaye manyoya yake yana kingo nyeupe, hata huonekana kama ana magamba. Yuko mkubwa mwenye kichwa na shingo ya ngozi tupu iliyokunjamana. Tena yuko mdogo mwenye mdomo mwembamba, ambaye hungoja pembeni mpaka wakubwa wameshiba. Na katika pwani ya Afrika ya Mashariki na kisiwa cha Pemba yuko mwingine, mweupe na mweusi, ambaye chakula chake kikubwa si mizoga, bali ni matunda ya michikichi na miwale, pamoja na kaa na samaki.

Tumbusi wa nyikani hula pamoja na kugombana pamoja. Lakini wakati wa kuzaa ukifika, kila mmoja hurudi kwa wenziwe. Mgongo mweupe hujenga kiota chake juu ya mti mrefu. Tumbusi wa Rüppell hujenga katika magenge ya mawe. Mtoto wa mgongo mweupe huwa mgongo mweupe, na mtoto wa Rüppell hufanana na wazazi wake. Hiyo ndiyo maana ya neno aina katika elimu ya viumbe: ni viumbe wanaozaana wao kwa wao, na watoto wao nao huzaa wengine walio kama wao.

Hata hivyo, mara nyingine mpaka huo huvukwa. Punda na farasi si aina moja, lakini wakikutanishwa huzaa baghala. Baghala ana nguvu na uvumilivu, ila yeye mwenyewe karibu sikuzote ni tasa. Mtoto aliyezaliwa na aina mbili huitwa chotara. Wako machotara walio tasa kama baghala, na wako wengine wawezao kuzaa sawasawa na wazazi wao. Tofauti hiyo ni kubwa, kama itakavyoonekana mbele.

Baghala huzaliwa kwa mapenzi ya wanadamu. Je, viumbe wa porini nao huchanganyika? Swali hili limeulizwa juu ya tumbusi. Tangu miaka ya 1990 tumbusi wa Rüppell kutoka Afrika wameonekana mara kwa mara huko Hispania na Ureno, kati ya makundi ya tumbusi wa Ulaya, ambao ni jamaa zao wa karibu. Basi wenye elimu ya ndege huuliza: wageni hao wakikaa na wenyeji, hawataoana nao? Na mtoto akizaliwa, atatambulikanaje?

Kulijibu swali hilo si kazi nyepesi. Tumbusi huruka juu sana; mwaka 1973 mmoja wa Rüppell aligongana na eropleni juu ya Abidjan, katika Afrika ya Magharibi, kiasi cha mita 11,000 kutoka chini. Tumbusi husafiri mbali, na viota vyake viko mahali pa hatari. Jike hutaga yai moja tu. Tena mtoto hubadili manyoya yake kidogo kidogo, miaka mingi ikapita kabla hajapata sura kamili ya wazazi wake. Kwa hiyo mtu akimwona tumbusi mwenye rangi isiyo ya kawaida, hawezi kusema mara moja kwamba huyu ni chotara. Huenda ni kijana tu.

Kwa sababu hizo, mwenye kutaka kujua jinsi aina mbili zinavyochanganyika porini hufanya vema kuanza na kiumbe azaaye upesi na awezaye kushikwa mkononi. Katika nchi ya Tanga yuko kiumbe wa namna hiyo. Yeye si ndege, bali ni samaki: ni perege wa Mto Pangani.

II. Wenyeji wa mto

Mto Pangani hupata maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililotengenezwa katika miaka ya 1960. Ruvu hutoka Ziwa Jipe, ziwa la kina kifupi lenye matete mengi, lililo mpakani mwa Tanzania na Kenya. Kutoka bwawani mto hushuka katika nyika, huiacha milima ya Pare na Usambara upande wa kushoto, hupita Korogwe na Hale, huanguka katika maporomoko, na mwisho huingia Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani.

Katika maji hayo waliishi perege tangu zamani sana, kabla mtu yeyote hajafikiri kuwachukua samaki kutoka nchi moja na kuwatia katika mto wa nchi nyingine. Wavuvi waliwajua, lakini katika vitabu vya elimu hawakuandikwa upesi. Aliyewaandika ni Bi Rosemary Lowe, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi ya kuchunguza samaki wa Afrika ya Mashariki, na makao ya kazi hiyo yalikuwa Jinja, Uganda. Mwaka 1955 alitoa maelezo ya aina mpya za perege wa Ziwa Jipe na Mto Pangani. Mmoja alimpa jina la ziwa, na mwingine jina la mji wa Korogwe. Hata leo majina yao ya kitaalamu ni Oreochromis jipe na Oreochromis korogwe.

Perege wa Jipe ni wa bonde la Pangani tu. Hana mto mwingine wala ziwa jingine aliloliita kwao. Perege wa Korogwe hukaa katika sehemu za chini za mto, na pia katika Mto Zigi, ule unaoshuka kutoka Usambara ya mashariki na kuwapa watu wa mji wa Tanga maji ya kunywa. Wote wawili ni samaki wazuri kwa kitoweo.

Jinsi perege hao wanavyozaa ni jambo la kupendeza. Dume huchagua mahali penye mchanga au tope, akachimba shimo la duara kwa kinywa chake, akalisafisha na kulilinda. Siku hizo rangi za mwili wake hung'aa. Jike hupita, hutazama, na akiridhika hutaga mayai yake mle shimoni. Mara huyaokota yote kwa kinywa. Humo kinywani huyatunza mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakisha kutoka, wakiona hatari hurudi mbio kinywani mwa mama yao. Katika siku hizo za ulezi mama hula kidogo sana, au hali kabisa.

Jike ndiye anayechagua, na huchagua kwa kutazama, hasa rangi na mwendo wa dume. Kwa njia hiyo kila aina hujilinda isichanganyike na nyingine. Lakini ulinzi huo una udhaifu wake. Maji yakichafuka kwa udongo, rangi hazionekani vizuri. Mwaka 1997 wataalamu walioshughulika na samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, walio jamaa ya perege, walionyesha kwamba mahali penye maji machafu majike hawakuweza kuwapambanua madume wa aina yao na wa aina nyingine, na aina zikaanza kuchanganyika. Tena jike aliyezaliwa katika mto wenye aina chache hajui mgeni ni nani. Akija dume mwenye umbo lifananalo na la aina yake, anayechimba shimo kama wao, jike aweza kumpokea.

III. Wageni wanafika

Mwaka 1949 majaribio ya kwanza ya kufuga perege katika mabwawa yalianzishwa Tanganyika, mahali pawili: Korogwe katika nchi ya Tanga, na Malya upande wa Mwanza. Nia ilikuwa njema. Nyama ilikuwa haba katika nyumba nyingi, na mtu mwenye shimo la maji karibu na shamba lake angeweza kuwapatia watoto wake kitoweo bila kwenda mbali.

Katika miaka iliyofuata, samaki walichukuliwa kutoka maji ya huku wakatiwa katika maji ya kule, mara nyingine katika mabwawa, mara nyingine katika mito na maziwa yenyewe. Mmoja wao ni sato, aitwaye kwa jina la kitaalamu Oreochromis niloticus. Kwao ni Mto Nile na maziwa na mito mingine ya Afrika. Sato hukua upesi, hula vyakula vya namna nyingi, na nyama yake yapendwa; ndiyo sababu leo hufugwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika. Atambulikana kwa milia iliyosimama katika pezi la mkia wake. Wa pili ni perege mwenye madoa ya samawati, ambaye kwao ni maziwa ya Edward na Albert, kati ya Uganda na Kongo. Wa tatu ni ngege wa Ziwa Viktoria, aliyeletwa katika bonde la Pangani.

Habari za ngege zina fundisho ndani yake. Zamani alikuwa samaki mkuu wa wavuvi wa Ziwa Viktoria. Nyavu za kutega zilipoongezeka, alivuliwa kupita kiasi. Kisha, katika miaka ya 1950, sato na perege wengine walitiwa ziwani, pamoja na sangara alaye samaki wenzake. Ngege akapungua mpaka akawa haonekani tena katika ziwa lenyewe, akabaki katika maziwa madogo ya kando na katika maji ya mbali alikopelekwa na watu. Basi katika Pangani ngege ni mgeni, na kwao amekuwa adimu.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wengi waliokula sato waliona kweli ya methali hiyo. Lakini kwa perege wa Jipe mgeni alileta jambo jingine. Mvua za masika zikijaa, kingo za mabwawa hupasuka, na samaki wa kufugwa huingia mtoni. Wengine hawakuhitaji mafuriko, kwa kuwa walitiwa mtoni na watu. Wakawakuta wenyeji, ambao ni jamaa zao, wachimbao mashimo kama wao na kulea watoto kinywani kama wao.

IV. Jicho halitoshi

Je, wageni na wenyeji walizaana? Mvuvi mzoefu angeweza kusema, "Samaki huyu ni sato, na huyu ni mwenyeji." Lakini angesema nini juu ya yule aliye katikati? Samaki wa aina moja nao hutofautiana. Mkubwa hafanani na mdogo, dume hafanani na jike, aliyeshiba hafanani na mwenye njaa, na wa maji ya matope hana rangi ya yule wa maji maangavu. Kama vile tumbusi kijana awezavyo kudhaniwa kuwa chotara, ndivyo hata perege mwenye rangi hafifu awezavyo kudhaniwa.

Wataalamu wa Tanzania na wa Uingereza, wakiwamo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, waliishika kazi hiyo, na mwaka 1919 ulipopita miaka mia, yaani mwaka 2019, walitangaza waliyoyaona. Walitumia njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya umbo. Samaki hulazwa ubavu na kupigwa picha. Kisha juu ya picha huwekwa alama mahali pale pale kwa kila samaki: ncha ya mdomo, jicho, mwanzo wa pezi la mgongo, mwanzo wa mkia, na kadhalika. Umbali kati ya alama hizo hupimwa na kuhesabiwa, na hesabu huonyesha kama samaki huyu ni mnene kuliko yule, au kichwa chake ni kirefu zaidi. Kipimo hiki ni kizuri kuliko jicho tupu, maana jicho husahau na hudanganyika.

Njia ya pili ni ya vinasaba. Vinasaba ni urithi ulio ndani ya kila chembe ya mwili, ambao kiumbe huupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kipande kidogo cha nyama au cha pezi chatosha kuusoma. Mfano wake ni mkeka uliosukwa kwa ukindu wa rangi mbili nyembamba sana. Mtu aliye mbali huona rangi moja tu. Lakini akiufumua mkeka uzi kwa uzi, hujua ukindu upi ulitiwa rangi gani, na ni mwingi kiasi gani. Ndivyo vinasaba vinavyofumuliwa, hata ikajulikana kama samaki ana urithi wa aina moja au wa aina mbili.

Matokeo yalikuwa haya. Katika bonde la Pangani walipatikana machotara wa sato na perege wa Jipe. Machotara wa perege mwenye madoa ya samawati na perege wa Jipe. Na machotara wa sato na perege wa Korogwe. Tena wenyeji wenyewe, wa Jipe na wa Korogwe, walionekana wamezaana. Katika maji ya upande wa Ziwa Viktoria yaliyochunguzwa, chotara hakuonekana. Na hata katika Pangani machotara walikuwa wachache, wakilinganishwa na samaki wenye urithi wa aina moja.

Jambo jingine lilionekana, nalo ni la kukumbukwa. Kwa kipimo cha umbo, samaki wa aina moja waliweza kupambanuliwa na wa aina nyingine. Lakini machotara hawakuweza kutambulikana vizuri kwa umbo la mwili na kichwa peke yake. Walipita kati ya wenzao kama samaki wa kawaida. Bila kusoma vinasaba, hakuna ambaye angewajua kwa hakika, wala mvuvi, wala mnunuzi sokoni, wala mtaalamu mwenye kipimo chake.

V. Hatari isiyo na mzoga

Mtu aweza kuuliza: machotara wakiwa wachache, wasiwasi ni wa nini? Jibu li katika hesabu. Machotara wa perege mara nyingi si tasa kama baghala, huzaa. Chukua chotara mmoja, nusu yake sato na nusu yake perege wa Jipe. Akizaa na sato, mtoto ana robo tu ya urithi wa Jipe. Mtoto huyo akizaa na sato, mjukuu ana thumni. Kwa kadiri hiyo urithi huzidi kupungua kila kizazi. Wageni wakiwa wengi na wenyeji wachache, huenda ikafika siku ambapo mto umejaa samaki, nyavu hazirudi tupu, na perege wa Jipe hayuko tena.

Upotevu wa namna hii ni mgumu kuujua. Mnyama akifa nyikani, tumbusi hushuka, na mchungaji aliye mbali hujua kwamba pana kifo. Aina ya samaki ikipotea kwa kuchanganyika, hakuna mzoga, wala hakuna ndege wa kuonyesha mahali. Hii ndiyo sababu uchunguzi wa vinasaba ni wa lazima, na ya kuwa ufanywe mapema, wakati machotara wangali wachache.

Perege wa Jipe amehesabiwa kati ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Kuchanganyika si hatari yake ya pekee. Uvuvi wa nyavu za macho madogo, matope yanayoingia ziwani, na maji yanayopungua vyote humdhuru. Lakini hatari nyingine zaweza kuondolewa, na samaki wakaongezeka tena. Urithi uliokwisha kuchanganyika katika mto mzima hauwezi kutenganishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

VI. Fundisho la mkonge

Asije mtu akadhani kwamba kila kuchanganya ni kubaya. Nchi ya Tanga ina ushahidi wa kinyume chake mashambani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Florida, Marekani. Katika miche 1,000 ilinusurika 62 tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mashamba makubwa ya Tanga na Pangani. Baadaye wataalamu wa Amani, na wa kituo cha Mlingano karibu na Muheza, walichanganya aina mbili nyingine za jamii hiyo wakapata mkonge chotara uitwao namba 11648. Mmoja wa wazazi wake huitwa kwa jina la Amani. Chotara huyo hutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kwanza kabla hajachanua na kufa, naye alipandwa mbali na Afrika ya Mashariki.

Hata hivyo chotara huyo ana udhaifu wake. Hushikwa upesi na ugonjwa wa kuoza, unaotia jani milia kama ya punda milia. Mkulima anayepatwa na ugonjwa huo hana budi kutafuta mmea mwingine wenye nguvu ya kuukataa. Aweza kufanya hivyo kwa sababu mkonge wa kwanza haukutupwa. Ungalipo, na wenye elimu waweza kuurudia.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya shamba na mto. Shambani chotara hufanywa kwa kuchagua, hupandwa mahali pake, na wazazi wake hutunzwa kando. Mtoni hakuna aliyechagua, hakuna mpaka, wala hakuna aliyetunza wazazi. Perege wa Jipe na wa Korogwe wamezoea maji ya Pangani kwa vizazi visivyohesabika. Huenda kesho wafugaji wakahitaji samaki mwenye kuvumilia maji hayo, au mwenye kukataa ugonjwa fulani unaowaua sato. Akiba hiyo ikiwa imekwisha kuyeyuka, watamtafuta wapi?

VII. Yapasayo kufanywa

Wataalamu wale wa mwaka 2019 walisema kwamba kabla ya kutia mtoni au ziwani samaki mgeni awezaye kuzaana na wenyeji, jambo hilo lipimwe kwa uangalifu. Maana faida ya mgeni kupita samaki wakubwa wa kwetu, katika ufugaji na katika uvuvi, haijawa hakika. Shauri hilo si la serikali peke yake. Lamhusu kila mwenye bwawa kutoka Moshi mpaka Pangani.

Mfugaji mwenye busara huuliza kwanza vifaranga anavyonunua ni vya aina gani na vimetoka maji gani. Huchimba bwawa lake mbali na mahali panapofikiwa na mafuriko, huinua kingo zake, na hutia wavu wenye macho madogo katika mfereji wa kutolea maji. Bwawa likikaushwa, samaki waliobaki huliwa au huuzwa, hawamwagwi mtoni. Na anayeweza kufuga perege wa mto wake mwenyewe hupata faida mbili, kwa kuwa hata bwawa likipasuka, samaki watakaotoka watakuwa wamerudi kwao.

Mvuvi naye ana kazi yake. Yeye huona samaki wengi kwa siku moja kuliko mtaalamu kwa mwezi. Akitambua milia katika mkia wa samaki mahali ambapo haikuonekana zamani, na akawapa habari watu wa uvuvi, amewasaidia kujua mgeni amefika wapi. Uchunguzi wa vinasaba hufanywa na wachache wenye vyombo, lakini huanza na macho ya wengi.

Wazee walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Sato ni msala mzuri, na wengi wameukalia. Lakini perege wa Jipe na wa Korogwe ndio mbacha wa Mto Pangani, nao hawafumwi mara ya pili.

Maswali

1. Neno aina lina maana gani katika elimu ya viumbe? Toa mfano wa tumbusi.
2. Kwa nini ni vigumu kumjua tumbusi chotara kwa kumtazama tu?
3. Eleza jinsi perege anavyowalea watoto wake.
4. Taja wageni watatu walioletwa katika bonde la Pangani, na kwao ni wapi.
5. Wataalamu walitumia njia gani mbili katika kuchunguza perege? Ni ipi iliyowatambulisha machotara, na kwa nini?
6. Chotara mwenye nusu ya urithi wa Jipe akizaa na sato, na watoto wake wakazidi kuzaa na sato, kitukuu cha chotara huyo atakuwa na sehemu gani ya urithi wa Jipe?
7. Kuna tofauti gani kati ya kuchanganya mkonge shambani na kuchanganyika kwa perege mtoni?
8. Jirani ana bwawa la sato karibu na mto. Andika barua fupi ya kumshauri.